Faiba Iliyosikia Nyayo

Mguu wa shangazi yangu ulikuwa kwenye skrini ya Mhandisi Lukindo, na tayari ulikuwa umepewa namba.

"Mia nne kumi na saba," alisema Lukindo, akigonga kioo kwa kalamu. "Jumamosi, saa nne na dakika sita asubuhi. Anafika bwawani, kwenye lango la ndiva, anasimama, tunasikia chuma kikipigwa mara tatu, kufuli linaanguka, anaondoka. Tena haharakishi! Mhalifu gani huyu asiyekimbia?"

"Labda alikuwa amechoka," nilisema.

"Msikilize." Akaongeza sauti.

Pu, pu-sss. Pu, pu-sss. Mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unakanyaga halafu unaburuta kidogo, kama mtu anayefuta kitu chini kwa siri. Nimekua na sauti hiyo. Ndiyo iliyokuwa ikiniambia nirudishe kifuniko cha kopo la sukari, nifute mdomo, nishike kitabu, tena nikishike wima. Shangazi Navoneiwa na nyonga yake ya kushoto. Nilijitahidi kuweka sura ya mtu anayesikiliza redio ya lugha asiyoijua.

"Humfahamu?"

"Mhandisi, mji wote huu ni kupanda na kushuka. Nani hana nyonga mbovu Mwaruka? Hata wewe ukishuka ngazi za ofisi unalia kama bawaba."

Akacheka. Shida ya Lukindo ndiyo hiyo: si mtu mbaya. Ukitaka kumchukia inabidi ufanye mazoezi.

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu, maana watu hudhani fundi wa mkongo anapanda nguzo. Sipandi kitu. Mimi huunga nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga hupita ndani yake ukibeba masomo, mpira na umbea wa mji mzima. Lakini kioo kile hakinyamazi. Ukirusha mwanga ndani yake, chembe ndogo hurudi nyuma ulikotoka. Ardhi ikitikisika, kioo kinavutika kidogo mno, na ule mwanga unaorudi unabadilika. Mashine pale ofisini inasoma mabadiliko hayo kila mita kumi. Kwa hiyo kila mita kumi za waya ni sikio. Manispaa ilituletea faiba tusome na tutazame mpira, masikio yakaja bure, kama kununua ng'ombe ukapewa na kupe wake.

Ila kupe huyu aliwahi kutuokoa. Masika ya mwaka jana, mvua zilipofanya wendawazimu wake, mkongo uliopita uani kwa Elieneza Kiangi ulisikia udongo ukisogea saa mbili kabla ya mlima kushuka. Simu zikalia. Watu kumi na mmoja wakatoka, wawili wakiwa wamebeba kuku badala ya vyeti. Nyumba ikaenda, watu wakabaki.

Ndiyo sababu tuliyakubali masikio, kwa sharti moja. Kwenye mkutano wa mtaa tulisema: mstari unaopita majumbani uwekewe kufuli la programu. Sauti za polepole, za mlima, zipite. Sauti za haraka, yaani hatua, majembe, vikohozi na ugomvi wa mume na mke, zisipite. Ufunguo ashike fundi wa mtaa, anayechaguliwa na watu. Fundi huyo ni mimi, Nakijwa, kidato cha nne, daraja la tatu, mdomo daraja la kwanza.

"Mstari wa mlimani na wa ndiva tunausikia," alisema Lukindo. "Lakini mia nne kumi na saba akiingia majumbani, ananipotea. Fungua mstari wa nyumba, Nakijwa. Siku moja tu. Programu imfuate mpaka mlangoni kwake."

"Ukifungua kwa mmoja, unasikia wote."

"Sisikilizi wote. Nasikiliza mmoja."

"Na masikio utayaziba kwa nini, pamba?"

Hakucheka safari hii. Akazima sauti, na nyonga ya shangazi ikanyamaza katikati ya hatua.

"Lile lango si mchezo. Linagawa maji kwa kipimo, bila upendeleo, bila huyu ni wa ukoo wangu. Leo limevunjwa kufuli, kesho litang'olewa lote. Makao makuu wanamtuma mtu Ijumaa saa sita mchana. Ama ufungue wewe, ama yeye aondoe kufuli kabisa, na halitarudi. Nakwambia kama dada yangu."

Ilikuwa Jumatano, saa tano kasorobo.

*

Shangazi alikuwa uani akichambua maharage ya makande, ungo mapajani, redio pembeni inahubiri peke yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona uso kama umemeza nzi?"

"Umevunja kufuli la lango la ndiva?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, likaja hilo moja. Akatupa punje iliyooza.

"Kompyuta yao imemruka Mama Niendiwe zamu ya maji wiki mbili," aliendelea. "Inasema shamba lake lina unyevu. Lina unyevu kwa sababu kile kipima-unyevu chao wamekichomeka pale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo! Nikaenda ofisini, nikaambiwa nijaze fomu kwenye simu. Nikajaza. Simu ikanishukuru. Maharage ya Mama Niendiwe yakazidi kukauka. Mimi ndiye mtunza zamu wa ndiva, kama alivyokuwa baba yangu. Nikachukua nyundo."

"Wamekurekodi, shangazi. Wana mwendo wako."

"Mwendo wangu wanaufanyia nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, na mtu anayemjua angeogopa, kwa sababu shangazi hajawahi kusikiliza kitu hadi mwisho.

"Nina wazo," nilisema haraka. "Kuanzia leo hadi mambo yapoe, tembea tofauti. Buruta wa kulia badala ya wa kushoto. Simama nikuoneshe."

Akasimama, nadhani kwa udadisi tu. Akajaribu. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili ikamgonga kwenye ungo, ya tatu alikuwa ameshika bega langu huku maharage yanakimbilia mfereji. Tulicheka hadi jirani yetu Elieneza, aliyekwishajenga upya, akachungulia juu ya ua kuuliza nani kafa.

Kisha shangazi akaacha kucheka, ghafla, kama mtu aliyezima taa.

"Ngoja. Unataka nijifunze kutembea upya? Kwenye uwanja wangu mwenyewe? Miaka sitini na minne nimelipia mwendo huu kwa mizigo, halafu niuhifadhi kabatini kwa ajili ya Lukindo? Sibadilishi hata kidole."

"Basi tukate waya," alisema Elieneza, akiwa ameshapita mwanya wa ua bila kukaribishwa, ndivyo alivyo. Halafu akasikia mwenyewe alichosema, akakaa chini kwenye kinu kilicholala. "Hapana. Msikate. Mnajua wenyewe."

Tulijua. Wanawe wawili walikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja.

"Ukikata, mlima ukija hatuambiwi," nilisema. "Usipokata, Ijumaa wanatufungua kama kopo la samaki. Hakuna cha katikati."

"Hicho kimashine kinasikiaje vizuri hivyo?" aliuliza Elieneza. "Kule Kirinde wana faiba ileile, na shemeji yangu anasema haisikii hata trekta."

Nilifungua mdomo kujibu kitaalamu. Ndipo nikakumbuka.

Sababu ilikuwa sisi. Faiba ilipokuja, manispaa ilileta waya na mabomba meupe ya plastiki, mita elfu na mia mbili, waya upite ndani ya bomba. Mtaro tulichimba wenyewe kwa msaragambo, kama tunavyochimba kila kitu: pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu. Sasa wape watu wa Mwaruka, ambao ndoto zao zote zina maji ndani yake, mabomba mazima mapya, uwaambie wayafukie ardhini yapitishe mwanga. Tulitazamana tu. Mabomba yakaenda bustanini, yakapitisha maji. Waya tukaulaza mtupu kwenye udongo wa mfinyanzi na kuushindilia kwa nyimbo na miguu, tabaka kwa tabaka, vilevile tunavyoshindilia kingo za ndiva zisivuje. Wahandisi walipokuja kupima walishangaa, wakaandika kwamba udongo wa Mwaruka una sifa za kipekee. Sisi tukaitikia kwa heshima.

Ule mshindilio ndio sikio. Waya ulioshikwa na udongo kila upande unahisi kila kitu ambacho udongo unahisi. Waya unaoning'inia ndani ya bomba, wenye nafasi ya kujigeuza, ni kiziwi kama jiwe, na mwanga unapita vilevile. Masomo yatakuja. Mpira utakuja.

"Elieneza," nilisema, "bomba lako la bustani lina urefu gani?"

*

Pembe ilipulizwa Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa moja kilima kilikuwa na majembe mengi kuliko mahindi. Kabla hatujagusa udongo tulikaa kikao palepale mtaroni. Nilisema ukweli wote, hata usionipendeza: mlimani juu na kando ya ndiva waya ubaki ulivyo, ili mlima usikike. Lakini uani, tukiweka bomba, tunapoteza na zile sauti za polepole. Udongo ukianza kusogea chini ya nyumba yenyewe, hakuna simu itakayolia. Kila nyumba iamue yake.

Kulikuwa na kelele, halafu majibu. Nyumba kwa nyumba. Bomba. Bomba. Bomba, ila uachie upande wa zizi, ng'ombe wangu hana siri. Mama Niendiwe, ambaye maharage yake ndiyo yalianzisha yote, alisema bomba kwa sauti iliyofika kanisani. Wawili walikataa bomba kabisa, tukawaandika.

Elieneza alikuja akiburuta mita mia na arobaini za bomba, bado linadondosha maji. Bustani yake ya kabichi ilikuwa inategemea hilo tu.

"Shika," alisema. "Wekeni kwa wengine. Kwangu acheni waya kwenye udongo."

"Watasikia kila kitu chako, Elieneza," nilimwambia. "Kila hatua. Ukigombana, ukilia."

"Watasikia. Nimechagua mimi, na watu mmenisikia nikichagua. Akitaka kujua nakohoa mara ngapi, ahesabu. Wanangu walale."

Hakuna aliyemtania. Hata mimi.

Tulichimba. Nilikuwa natembea na mashine yangu ya kuungia begani, nakata uzi, nausafisha kwa spiriti, naupitisha kwenye bomba, naunga, naufunika. Kazi ya dakika kumi na mbili kwa kila uunganisho ukiwa na mikono iliyotulia. Tuliweka watu wawili juu ya mlima wenye macho na filimbi, maana tulijua mashine leo itachanganyikiwa. Ikachanganyikiwa kweli. Majembe mia mbili kwa mpigo mmoja! Saa tatu na nusu simu zote mtaani zikalia pamoja, na ile sauti ya kike yenye upole ikasema: Ondokeni sasa, mlima unashuka.

Tukatazama juu. Filimbi kimya. Mlima umekaa kama kawaida yake, umepakata mawingu.

"Dada, tupo kazini!" shangazi aliijibu simu yake, akaitia kwenye sidiria.

*

Gari la manispaa huwa linajiendesha. Lilipanda hadi kwenye mtaro, likaona shimo, likasimama na kukataa katakata kusogea. Lukindo akashuka, viatu vikamezwa na tope hatua ya kwanza.

"Nakijwa! Unajua unachofanya?"

"Najua, Mhandisi. Natekeleza mchoro wako." Nilikuwa nimeuweka mfukoni tangu asubuhi, nikamkunjulia. "Ukurasa wa sita. Waya utalazwa ndani ya bomba jeupe. Sahihi yako hii hapa. Tulichelewa kidogo kuutekeleza, miaka mitatu tu. Tusamehe."

Akausoma. Nadhani aliusoma mara mbili. Kisha akatoa kishikwambi chake cha kazi na kutazama mistari. Nilichungulia. Juu mlimani mstari ulikuwa hai, unapumua taratibu. Kando ya ndiva, hai. Majumbani kulikuwa na ukimya, nyumba baada ya nyumba, isipokuwa sehemu nne zinazorukaruka.

"Mmejiziba," alisema polepole. "Unaelewa? Mwaka jana onyo lilitoka uani, si mlimani. Likitokea tena chini ya mojawapo ya nyumba hizi, nitakuwa ofisini natazama mstari uliolala. Mimi ndiye nitakayekuja kuhesabu waliobaki. Umelifikiria hilo?"

Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha, nyumba moja moja, nikianzia ya shangazi.

"Nimelifikiria," nilisema. "Na nilishawaambia. Kila mmoja amejibu kwa mdomo wake. Wewe ulitaka kufungua nyumba zote umpate mtu mmoja, na hukumuuliza hata mmoja wao."

"Nipe ufunguo. Na kitambulisho."

Nikampa. Ufunguo ulikuwa kijiti kidogo tu cha plastiki, lakini mfuko ulipobaki mtupu nilihisi nimevuliwa koti kwenye baridi. Miaka mitatu nimekuwa fundi wa mtaa. Mama yangu huwa anawaambia hadi wageni wa mazishi.

"Kuanzia sasa si mtumishi wa manispaa," alisema Lukindo, bila kunitazama. "Na jina la mia nne kumi na saba nitalipata tu."

Ndipo watu wakapisha. Pu, pu-sss. Pu, pu-sss. Shangazi Navoneiwa alikuja moja kwa moja, jembe begani, anaburuta mguu wake wa kushoto mbele ya kila mtu, wala hakuupunguza. Naapa aliuongeza.

Lukindo alikuwa anatazama ule mguu. Mdomo wake ukafunguka kidogo.

"Mwanangu, huku kwetu mtu akifika husalimia," alisema shangazi.

"Shi... shikamoo mama."

"Marahaba. Navoneiwa binti Mgonja, mtunza zamu wa ndiva. Kufuli nililivunja mimi, Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya watu kumi na wanne, jua likiwaka. Kati yao yupo mchungaji. Ungepanda ukauliza, hata kuku wangekuonesha nyumba. Chai ungekunywa. Badala yake umekwenda kulala tumbo chini, sikio ardhini, kusikiliza nyumba za watu."

Mtu nyuma akacheka, akanyamazishwa.

"Andika," alisema shangazi. "Usiweke namba. Jina. Kwa mkono wako, si kwa mashine, nami nikutazame ukiandika."

Lukindo alikuwa na kalamu na alikuwa na daftari. Majembe mia mbili yalikuwa yamesimama. Nilidhani hataandika, na labda moyoni nilitaka asiandike, tupate hadithi tamu. Aliandika. Herufi moja moja, hadi mwisho. Sikumdharau kwa hilo. Kazi ni yake, na mkono ni wake.

"Jumatatu, ofisini," alisema, akiendelea kuandika. "Saa tatu asubuhi. Utaeleza kuhusu lango."

"Saa tatu ni zamu ya Mama Niendiwe ya maji. Namfungulia mimi. Nitakuja saa tano."

"Mama, huu ni wito wa manispaa. Saa tatu."

"Saa tano."

"Saa tatu!"

Shangazi alishusha jembe begani, akaegemea mpini, akasubiri, kama anavyosubiri maji yafike mwisho wa mfereji. Wote tukasubiri naye. Mama Niendiwe naye akaegemea mpini wake. Gari kule nyuma likatoa mlio mdogo wa kuuliza kama safari imeisha.

Lukindo akatazama daftari, akatutazama, akatazama daftari. Akakata ile tatu kwa mstari, akaandika tano juu yake.

"Na viti, mwanangu," alisema shangazi, akigeuka kurudi mtaroni. "Andaa viti vya kutosha. Wale kumi na wanne wanakuja, na mpwa wangu hana kazi siku hiyo."